Kichwa kwa Kaka, Mabehewa kwa Dada

Mjomba wangu ana vichwa vya treni kumi na kimoja na sufuria mbili, na moja kati ya hizo sufuria haipiki kitu, maana ni ya kuyeyushia lehemu. Ukimtembelea usitegemee kupewa kiti. Viti vipo, lakini kimoja kimekaliwa na transfoma, kingine kimebeba maboksi ya reli, na cha tatu ni chake. Wewe utasimama, na utaonyeshwa treni.

Majirani wanamwita Stesheni. Jina limemkolea kiasi kwamba mtu akija mtaani kumuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, huambiwa hakuna mtu kama huyo hapa. Kazi yake ni kusokota mota: za feni, za pampu za maji, za mashine za kusaga. Amestaafu, ndivyo asemavyo, ingawa sijawahi kumkuta bila mota ya mtu mezani ikiwa imetobolewa matumbo. Mbele ni karakana, nyuma ni chumba chake, na katikati, mahali ambapo watu wengine wangeweka sebule, ndipo zilipo treni.

Ni treni za kuchezea, za umeme, za enzi zile vitu vya watoto vilipotengenezwa kwa bati na chuma. Kichwa kimoja kinajaa kiganja, na ukikiangushia kwenye kidole cha mguu utachechemea mpaka wiki iishe. Zinakimbia juu ya mlango. Mlango huo Mjomba aliupata kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, akaulaza juu ya mapipa mawili na kuuzungushia reli. Tundu la kitasa ndimo zinamoshukia nyaya. Miti ni vipande vya dodoki alivyovichovya kwenye rangi ya kijani, nyumba ni maboksi ya vidonge vyake vya presha, na ziwa ni kipande cha kioo cha marehemu mkewe, ambaye alikuwa akisema yeye ameolewa na stesheni, mume ni mpangaji tu. Watoto wao wawili wanaishi mbali. Wakipiga simu kumuuliza hali yake, anawajibu hali ya treni.

Akiwasha, kwanza transfoma hunguruma, halafu taa ya mbele ya kichwa inatoa mwanga wa njano, halafu treni inajikokota, inashika mwendo, na chumba kinajaa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: mafuta ya cherehani yaliyopata moto, pamoja na kile kiharufu kikali cha umeme unaoruka cheche. Mjomba hufumba macho kuinusa. Mota mbovu, anasema, yeye huijua kwa pua kabla hajaipima.

Ana sheria zake. Treni haishikwi na mikono iliyotoka kwenye chakula. Treni hainyanyuliwi kwa bomba la moshi. Na reli hazisuguliwi kwa chuma, zinafutwa kwa kitambaa na spiriti. Hii ya mwisho ilitungwa kwa heshima ya mume wangu, ambaye siku moja, kwa nia njema kabisa, alizisugua reli kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka zikametameta. Vinyuzi vya waya vilibaki relini, sumaku ya mota ikavinyonya, na kichwa cha watu kikatoa moshi wa kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tangu siku hiyo mume wangu huonyeshwa treni akiwa amesimama nje ya kizingiti.

Lakini kati ya vichwa vyote hivyo kimoja ndicho kilichowaita wenzake wote waje, na hicho hicho ndicho kilichomtenga Mjomba na dada yake, yaani mama yangu.

Babu yangu, baba yao, alikuwa fundi wa taa kwenye jumba la sinema. Ubavuni mwa sinema palikuwa na duka la vitu vya watoto, na dirishani mwa duka hilo treni ya umeme ilizunguka mchana kutwa ili kuwaita wateja. Ilipokwama, mwenye duka alimwita Babu. Babu alikuja na bisibisi yake, akaifungua, akaitengeneza, akakataa malipo na kuomba tu aruhusiwe kuitazama kidogo. Miaka ikapita hivyo. Mwenye duka alipochoka na biashara akafunga na kuhama, alimwachia Babu treni yote: kichwa cheusi chenye mstari mwekundu, mabehewa matatu ya buluu, reli na transfoma. Watoto wake, waliokuwa wakibandika pua kwenye kioo cha duka, wakakuta treni ile ile iko chini ya meza yao wenyewe. Mama anasema siku hiyo chakula hakikupita kooni.

Kila Jumapili asubuhi, sinema ikiwa bado imefungwa, Babu alisogeza meza ukutani, akafagia sakafu kwa mkono wake kwa sababu hakumwamini mtu kwenye suala la vumbi, akaunga reli. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mama, mkubwa, ndiye aliyekuwa dereva. Alishika kile kiwiko cha transfoma kinachoongeza na kupunguza umeme, maana alikuwa na mkono mwepesi na treni haikushtuka ikiondoka. Mjomba, mdogo wake, alilala kifudifudi na kuunga mabehewa, kulabu kwenye kulabu, halafu akapiga mluzi kwamba tayari. Babu naye alilala chini, mtu mzima na fulana yake, shavu kwenye saruji. Alisema treni ukiitazama kutoka juu ni mchezo, ukiitazama kutoka chini ni safari.

Madirishani mwa yale mabehewa walichorwa abiria. Mwanamume mwenye kofia, mama mwenye mtoto, msichana aliyeegemeza kichwa kwenye kioo. Mama na Mjomba waliwapa wote kazi na tabia. Mwenye kofia alikuwa mwizi aliyestaafu. Mama mwenye mtoto alikuwa anamkimbia mkwe wake. Yule msichana walimgombania kila Jumapili, kwa sababu Mama alisema anaondoka nyumbani na Mjomba alisema anarudi. Nimesikia habari hizi kutoka kwa wote wawili, kila mmoja nyumbani kwake, kwa sauti ile ile ya kutabasamu, na mara nyingi nimetaka kuwagonganisha vichwa.

Babu alifariki Mama akiwa binti wa kuolewa na Mjomba akiwa kijana anayejifunza kusokota. Wazee wakakaa kugawa alichoacha. Kitanda, meza, redio, vyote viligawiwa bila neno. Ikabaki treni. Mdogo wake Babu, mzee aliyependa sana kusifiwa hekima, akasafisha koo na kusema treni ni moja na watoto ni wawili, basi kichwa achukue wa kiume, kwa kuwa mwanamume ndiye kichwa, na mabehewa na reli achukue wa kike. Watu wakacheka, wakamsifu. Transfoma ilikuwa imeungua, kwa hiyo haikupata mrithi.

"Sikulilia kile kichwa," Mama ameniambia zaidi ya mara moja. "Nilimngoja mjomba wako aseme neno moja tu. Anajua nani alikuwa dereva. Nikamtazama. Akakohoa!"

Kwa kikohozi hicho, ndugu wawili wa tumbo moja wakaacha kukanyagiana nyumba. Mabehewa Mama aliyafungia kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vyake vya arusi, ufunguo shingoni. Reli akazisukuma uvunguni. Mjomba alipotuma mtu kuziomba, Mama alijibu kwamba kichwa hakihitaji reli, kina akili zake. Mjomba naye akasema mabehewa basi na yatembee kwa miguu. Tangu hapo wakakutana kwenye arusi na misiba tu. "Shikamoo dada." "Marahaba." Nukta. Mimi ndiye niliyekuwa posta yao, tangu nikiwa na sare ya shule ya chekechea mpaka leo nina duka langu la kutoa kopi na watoto wanaonizidi urefu. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nimelima shamba hilo maisha yangu yote na kapu halijawahi kushuka darini.

Ndipo Mjomba alipoanza kukusanya. Kichwa bila behewa ni pasi tu. Alitafuta mabehewa ya kufanana na yale ya buluu akayakosa, ila katika kuyatafuta akapata vichwa vingine, na kila kichwa kikadai behewa lake. Wauza chuma chakavu walimjua, na kitu chochote chenye magurudumu madogo walimwekea pembeni. Kimoja alikikuta ofisini kwa mtu, kimekalia karatasi zisipeperuke. Kingine kilikuwa kinazuia mlango wa choo. Alivibeba nyumbani vikiwa na kutu na kimya, akafungua mota zake zisizozidi ukubwa wa kokwa la embe, akazisokota upya kwa waya mwembamba kama unywele, na siku kimoja kilipotembea aliniita nikaone. Mara zote nilikwenda. Namlalamikia, lakini ukweli ni kwamba nilipokuwa mdogo hapakuwa na mahali pengine duniani nilipopenda kuwa kuliko kando ya mlango ule.

Mwaka huu Mama alianza kugonga vitu. Kwanza fremu ya mlango, halafu mtoto wa jirani, halafu kikombe kilichokuwa pembeni ya mkono wake. Ameshona mapazia ya watu tangu nimjue, na ghafla pindo zikaanza kwenda upande. Daktari akasema ni presha ya macho. Uoni wake unaliwa kutoka pembeni kuja katikati, kilicholiwa hakirudi, na dawa za matone ni za kuchelewesha tu. Mama anaona kilicho mbele yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

Nilikwenda kumwambia Mjomba. Aliweka pasi ya lehemu chini.

"Bado anaweza kuona treni?" akauliza.

Nilipandwa na hasira. "Mjomba! Mama yangu anapofuka, na wewe unaniuliza habari za treni?"

"Nakuuliza treni, mpwa wangu, kwa sababu sijui kuuliza kingine." Akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena. "Mwambie aje. Aje na mabehewa. Nataka aione ile ya Baba ikitembea nzima, angali na macho ya kuionea. Ikishindikana hiyo, haya yote mengine niliyokusanya ni takataka."

Niliubeba ujumbe. Mama akauponda. "Nikiwa mzima hakuniita. Leo naumwa ndiyo nimekuwa mgeni rasmi?" Sikumsukuma, maana kwa mama yangu ukisukuma unajiharibia. Baada ya siku kadhaa, akiwa anachambua mchele kwa kidole kwa sababu jicho limemgomea, akauliza bila kuinua kichwa, "Kile kichwa, bado kina mstari wake mwekundu?"

"Bado, Mama."

"Basi nitakwenda Jumamosi ijayo. Usinitangazie."

Nilikimbia kwa Mjomba nikidhani nitampata akirukaruka. Badala yake alikaa juu ya boksi la reli, jambo ambalo ungelifanya wewe angekufukuza.

"Mambo yameharibika," alisema. Akakishusha kile kichwa cheusi na kukigeuza nyuma. "Tazama kulabu. Hii si ya kwake."

Akanieleza. Mwaka ule Mama alipomnyima reli, yeye alipata mabehewa ya mizigo ya kiwanda kingine, yenye kulabu za aina nyingine. Kichwa hakikuyashika. Kwa hasira akachukua msumeno wa chuma, akaikata kulabu ya asili, ile aliyoiunga kila Jumapili ya utoto wake, akalehemu nyingine mahali pake. Ile ya asili akaitupa kwenye debe la vyuma, na debe likaenda na muuza chuma chakavu. "Nilipoikata niliona raha," alisema. "Raha yenyewe haikufika jioni."

Maana yake ni hii: Mama angekuja na mabehewa yake, angeyaweka relini, na kichwa cha baba yake kisingeweza kuyashika. Angejua kwa nini.

"Sasa si umwambie," nikasema. "Mficha uchi hazai."

"Nimwambie nini? Kwamba nilitupa mkono wa treni ya Baba jalalani? Hapana. Nitachonga nyingine mfano wa ile." Lakini umbo lake kamili alikuwa amelisahau. Alinichorea kwenye kadibodi maumbo matano, kila moja akiwa na hakika nalo kuliko lililotangulia. Alihitaji kuiona ya behewa, na mabehewa yalikuwa kabatini kwa Mama. Ndipo aliponipa kipande cha sabuni ya kufulia.

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Ibonyeze tu humo, uniletee alama yake. Ni kazi ya pumzi moja."

Sikupata shida, maana Mama mwenyewe aliniomba nimfutie vumbi kabatini kwa kuwa halioni. Aliponipa kisogo nikabonyeza kulabu ya behewa la mwisho kwenye sabuni, nikaifunga kwenye leso, nikajiona jasusi. Kesho yake asubuhi akaniita.

"Nani ameniogeshea behewa?"

"Mama?"

"Linanuka sabuni kwenye kulabu. Kinachokufa ni macho yangu, pua bado ninayo." Nilikuwa sijui kwamba kila jioni huyatoa yale mabehewa na kuyapapasa moja moja. Nikamwona anahesabu mambo. "Mjomba wako anataka kulabu yangu ya nini, na yeye anayo yake?" Halafu, polepole: "Ameikata."

Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Akayarudisha mabehewa kabatini, akafunga. "Angekuja hapa akaniambia kwa mdomo wake, ningemtukana mpaka akose pa kushika, na Jumamosi ningekwenda. Lakini kunichukulia alama kwa sabuni, kama wezi wanavyochonga funguo za watu? Mwambie nina kazi."

Nilipomfikishia habari, Mjomba aliiweka sabuni juu ya rafu na kugeukia mota ya pampu ya mtu. Wiki zikapita. Siku moja kinyozi wa mlango wa pili alinisimamisha akaniuliza kama Stesheni anaumwa, kwa sababu wateja wake wamezoea kunyolewa wakisikia treni na sasa ukuta umekuwa kimya. Nikaingia. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya reli. Mjomba alinipa kiti, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

"Nimeichonga ile kulabu," alisema, "hata kama haina kazi." Alikuwa ameitoa kwenye shaba, nzuri, imepigwa msasa mpaka inang'aa. Imelehemiwa nyuma ya kichwa cheusi, mahali ilipokatwa ile ya kwanza.

Halafu, mchana mmoja, nikiwa natoa kopi za cheti cha mtu, Mama akatokea mlangoni mwa duka langu. Alikuja peke yake, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwingine umebeba kapu. Ndani ya kapu palikuwa na taulo tatu zilizoviringishwa.

"Nipeleke kwa mjomba wako."

"Mama, si ulisema..."

"Nilisema. Jana jioni niliwatafuta wale watu wa dirishani. Yule mwizi, na yule msichana. Nimekaza macho mpaka yakatoa machozi, nikaona buluu tupu." Akaliweka kapu juu ya mashine yangu. "Nikisubiri hasira iishe, macho yataisha kwanza. Funga duka."

Nilifunga. Mwenye cheti chake sijui alikwenda wapi.

Mjomba alikuwa amepiga magoti chini ya mlango wake wa treni akifunga waya. Alipoona miguu ya Mama kizingitini alijigonga kichwa akitoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi sijioni, kwa hiyo sijazeeka." Akavuka kizingiti. Mjomba alianza kuondoa vitu kwenye viti vyote vitatu kwa pamoja, transfoma, maboksi, koti lake, mpaka pakawa hapana pa kupita. Mama hakukaa. Aliinama juu ya ule mlango, akapapasa na vidole, reli, ziwa, nyumba.

"Hii miti ni dodoki?"

"Ndiyo, dada."

"Mchafu wewe."

"Dada, ile kulabu niliikata."

"Najua. Unga mabehewa."

Aliyafungua mwenyewe kutoka kwenye taulo. Mjomba akayapokea kwa mikono miwili, akayaweka relini, akalala kifudifudi juu ya ukingo wa mlango na tumbo lake la uzee, akaunga la kwanza na la pili, la pili na la tatu. Kulabu zikashikana kwa mlio mdogo. Akarudisha nyuma kile kichwa cheusi mpaka kulabu ya shaba ikaingia. Akawasha. Transfoma ikanguruma, taa ikawaka, treni ikajivuta urefu wa kiganja, kulabu ikateleza. Kichwa kikaenda peke yake.

Akaunga tena. Ikateleza tena. Akavua miwani usoni, akaipima kulabu kwa kucha, akaelewa kabla sijaelewa mimi. Sabuni ilikuwa imekaa wiki zote zile rafuni kabla hajaigusa. Ilikauka ikanywea, na kulabu iliyotokana nayo ilikuwa ndogo kuliko ya kweli, kwa kiasi cha unywele tu, lakini treni haijui huruma. Akachukua koleo aitanue kidogo. Akaibana na kuvuta. Shaba ikakatika.

Alisimama na kile kipande kiganjani. Sijawahi kumwona mjomba wangu akilia, hata kwenye mazishi ya mkewe alijishughulisha na taa za turubai. Siku hiyo alilia waziwazi, midomo ikimcheza kama ya mtoto. "Kazi yangu ilikuwa kulabu, dada," alisema. "Hiyo moja tu. Wewe uendeshe, mimi niunge. Na hiyo moja nimeiharibu." Nilimtazama Mama nikamwomba kimoyomoyo asiseme neno la kuchoma, kwa sababu analo wakati wote.

Mama alinyoosha mkono juu ya reli mpaka ukakigusa kile kichwa. Akakinyanyua, akakivusha juu ya mabehewa, akakishusha nyuma ya behewa la mwisho, pua ikiwa imeligusa.

"Kama haiwezi kuvuta," alisema, "isukume."

Mjomba akafuta uso, na ufundi ukamrudia kabla ya pumzi. "Kwenye kona itaangusha, dada. Ukisukuma, behewa la mbele linaruka."

"Linaruka kwa dereva mwenye pupa."

Hapo Mjomba akaelewa. Aliivuta transfoma, akaiweka mbele ya Mama, akamshika mkono na kumwekea vidole juu ya kiwiko. Mama akainamisha uso mpaka ukawa usawa wa reli, akakisogeza kidogo, kidogo zaidi. Behewa la kwanza likaanza kutembea kana kwamba linajiendea lenyewe, na la pili, na la tatu, na nyuma kabisa kichwa cheusi kikisukuma. Yakafika kwenye kona. Yakainama kidogo, yakapita, yakashika njia ndefu yakimjia Mama usoni, pale pale katikati alipobakiwa na macho.

"Yule pale," alisema. "Mwenye kofia." Halafu akacheka, kicheko nilichokuwa nakisikia zamani akiwa kwenye cherehani. "Leo mabehewa yangu ndiyo yaliyotangulia."

"Yatangulie, dada," Mjomba alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa dereva. Siku ile mbele ya wazee nilipaswa kusema."

Mama hakugeuka, maana angegeuka angeipoteza treni. "Umechelewa kidogo."

"Nimechelewa."

"Basi nimesikia," alisema Mama, akaongeza mwendo.